Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mipaka ya rufaa za ubaguzi kazini kwa Wazanzibari walioajiriwa na Serikali ya Marekani

Ukurasa huu umekusudiwa Wazanzibari wanaofanya kazi katika Serikali ya Shirikisho ya Marekani, pamoja na jamaa zao waliopo Unguja na Pemba ambao mara nyingi ndio wanaopigiwa simu mwanzo mambo yanapoharibika kazini. Jamaa wengi huuliza msimamizi alisema nini, nani alishuhudia na kama maneno hayo yanatosha kuwa ubaguzi. Hayo ni maswali ya haki, lakini si ya kwanza. La kwanza ni hili: shauri hili lipelekwe wapi, na kabla ya siku gani? Shauri lenye ushahidi mzuri linaweza kufutwa bila ya shahidi hata mmoja kusikilizwa, kwa sababu tu limefikishwa pasipostahiki. Majibu yaliyomo humu ni ya kumsaidia mtu ajue anaposimama. Hayachukui nafasi ya wakili aliyeyaona makaratasi yake.

Mamlaka ya kusikiliza shauri ni nini, na kwa nini yanaangaliwa kabla ya ubaguzi wenyewe?

Ni uwezo ambao sheria imeipa mahkama, bodi au tume wa kulipokea jambo fulani na kulitolea uamuzi. Chombo kisichopewa uwezo huo hakiupati kwa sababu mlalamikaji ameonewa waziwazi, wala kwa sababu pande zote mbili zimeridhia kukitumia. Msomaji wa Zanzibar anao mfano wake nyumbani. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinayaweka nje ya uwezo wa Mahkama ya Rufani ya Tanzania masuala ya Kiislamu yaliyoanzia Mahkama za Kadhi, pamoja na tafsiri ya Katiba yenyewe ya Zanzibar. Mrithi aliyeanza kwa Kadhi hawezi kuvuka bahari na shauri lake, hata akiamini kwa dhati kwamba hukumu ina makosa. Pale lilipoanzia shauri ndipo panapoamua litaishia wapi. Katika Serikali ya Marekani ni hivyo hivyo, isipokuwa milango ni mingi zaidi, na kinachoamua mlango ni aina ya hatua aliyochukuliwa mtumishi.

Nani anahesabiwa mtumishi wa Serikali ya Shirikisho?

Ni yule aliyeajiriwa na wizara, wakala au taasisi ya Serikali Kuu ya Marekani, ikiwamo Shirika la Posta, ambalo huajiri pia wakaazi wa kudumu wasiokuwa raia. Mwalimu wa skuli ya umma ya mji, muuguzi wa hospitali ya jimbo au dereva wa basi la halmashauri ni mtumishi wa umma pia, lakini si wa Shirikisho. Yeye hupeleka lalamiko lake moja kwa moja katika Tume ya Fursa Sawa za Ajira, inayojulikana kwa kifupi kuwa EEOC, ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo lake lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi. Wanajeshi waliovaa sare hawamo katika utaratibu huu. Mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na wizara kwa kawaida ni wa kampuni hiyo, hata kama kila siku anaingia katika jengo la Serikali kwa kitambulisho cha Serikali.

Ni ubaguzi wa aina gani unaokatazwa?

Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo tangu 1972 inawahusu pia watumishi wa Shirikisho, inakataza ubaguzi wa asili, rangi, dini, jinsia na taifa alikotoka mtu. Umri wa miaka 40 na zaidi unalindwa kwa sheria ya 1967, na ulemavu kwa sheria ya 1973. Kulipiziwa kisasi kwa kulalamika nako kumekatazwa.

Lalamiko linaanzia wapi?

Linaanzia ndani ya taasisi ile ile inayolalamikiwa. Mtumishi anatakiwa awasiliane na mshauri wa fursa sawa wa taasisi yake ndani ya siku 45 tangu tukio litokee au hatua ianze kufanya kazi. Taasisi inawajibika kuwabandikia wafanyakazi tangazo lenye mawasiliano ya washauri hao, na mara nyingi liko karibu na saa ya kuripotia kazini au katika chumba cha chai, pahala ambapo mtu hupita miaka bila ya kulisoma. Mshauri hujaribu suluhu kwa siku 30, muda unaoweza kurefushwa hadi 90 kwa makubaliano. Suluhu ikishindikana, mtumishi hupewa taarifa ya maandishi, na kuanzia hapo ana siku 15 tu za kuwasilisha lalamiko rasmi. Taasisi nayo ina siku 180 za kuchunguza. Baada ya hapo mtumishi huchagua baina ya kusikilizwa na jaji wa EEOC na kuiachia taasisi itoe uamuzi wake.

Wengi huona ni jambo gumu kumpelekea mwajiri lalamiko linalomhusu mwajiri mwenyewe, na hisia hiyo inaeleweka. Hata hivyo anayeiruka hatua hii na kwenda mahkamani moja kwa moja atakutana na pingamizi la awali, na kwa kawaida pingamizi hilo hushinda.

Shauri mseto ni lipi?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo inafaa kwenda polepole.

Sheria ya Mageuzi ya Utumishi ya 1978 iliunda Bodi ya Kulinda Mfumo wa Stahili, inayoitwa kwa kifupi MSPB. Bodi hii haikuundwa kusikiliza ubaguzi kwa ujumla wake. Inasikiliza rufaa dhidi ya hatua kubwa za kiutumishi, hasa kufukuzwa kazi, kusimamishwa kwa zaidi ya siku 14, kushushwa daraja, kupunguziwa mshahara, na kupumzishwa kwa lazima bila ya malipo kwa muda usiozidi siku 30. Shauri linakuwa mseto pale mambo mawili yanapokutana: mtumishi amechukuliwa moja ya hatua hizo, na anadai kwamba sababu yake, yote au sehemu, ni ubaguzi.

Tuchukue mfano wa mama anayevaa hijabu katika ofisi ya Serikali. Akinyimwa kupandishwa cheo kwa sababu ya dini yake, hilo ni dai la ubaguzi lakini si mseto, kwa sababu kunyimwa cheo hakumo katika orodha ya hatua za kukatia rufaa kwenye Bodi. Njia yake ni ya mshauri na EEOC peke yake. Mama huyo huyo akisimamishwa kazi siku 20 kwa sababu hiyo hiyo, shauri lake ni mseto, na Bodi inaweza kulisikiliza lote pamoja, la kiutumishi na la ubaguzi. Akisimamishwa siku 14 kamili, Bodi haina mamlaka, kwa kuwa sheria inasema zaidi ya 14. Chuki iliyomfikisha hapo ni ile ile katika hali zote tatu, lakini siku moja inaubadilisha mlango.

Naweza kufungua shauri mseto pande zote mbili, ili moja likishindwa nibaki na jengine?

Hapana. Mwenye shauri mseto huchagua: ama alalamike kwa taasisi yake kwa njia ya fursa sawa, ama akate rufaa kwa Bodi ndani ya siku 30 tangu hatua ianze kufanya kazi au tangu apokee uamuzi, ipi iliyo ya baadaye. Lililowasilishwa rasmi mwanzo ndilo linalohesabiwa kuwa chaguo. Kuzungumza na mshauri peke yake bado si kuchagua. Pale ambapo chama cha wafanyakazi kina mkataba unaoruhusu, huwapo njia ya tatu ya kupeleka manung'uniko kwa chama, nayo pia hufunga nyengine.

Aliyechagua njia ya taasisi hakujifungia Bodi moja kwa moja. Taasisi isipotoa uamuzi ndani ya siku 120, anaweza kwenda kwa Bodi au mahkamani; na ikitoa uamuzi asioridhika nao, ana siku 30 za kufanya hivyo. Kwa maoni yangu, mtu mwenye muda mfupi wa kufikiri na asiye na wakili bado hupata nafasi ya kujipanga zaidi kwa kuanza na mshauri, ilimradi asizipitishe siku 45.

Bodi ikisema haina mamlaka, shauri limekufa?

Halijafa, na jibu hili limepatikana kwa gharama ya watu waliopigania hadi Mahkama ya Juu ya Marekani.

Wa kwanza alikuwa Carolyn Kloeckner, mtumishi wa Wizara ya Kazi. Bodi iliitupa rufaa yake kwa kuwa ilikuwa nje ya muda, bila ya kugusa dai lake la ubaguzi. Serikali ilisema kwamba, kwa kuwa Bodi haikuamua ubaguzi, lazima aende Mahkama ya Rufaa ya Federal Circuit iliyopo Washington. Mwaka 2012 majaji wote wa Mahkama ya Juu walikataa hoja hiyo. Walisema shauri mseto lililotupwa kwa sababu za kiutaratibu huenda Mahkama ya Shirikisho ya Wilaya, ambayo ndiyo mahkama inayosikiliza mashahidi na kupokea ushahidi.

Likabaki suali: na kama Bodi imesema haina mamlaka kabisa? Anthony Perry alifanya kazi katika Ofisi ya Sensa. Alipotaarifiwa kwamba atafukuzwa, alitia saini makubaliano ya kusimamishwa siku 30 na kustaafu mapema. Baadaye alidai kwamba makubaliano hayo alishurutishwa, na kwamba nyuma yake kulikuwa na ubaguzi wa asili, umri na ulemavu pamoja na kisasi. Bodi ikaona amestaafu kwa hiari, na hatua ya hiari si ya kukatiwa rufaa, kwa hiyo ikajitoa. Mwaka 2017 Mahkama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilisema kwamba hata hapo njia ni ya Mahkama ya Wilaya. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika hukumu hiyo, hakukubali shauri moja likatwe vipande viwili na mtumishi akimbizwe baina ya mahkama mbili.

Funzo la Perry lina upande mwengine unaowahusu sana watu wetu. Mtu anayeambiwa "andika barua ya kuacha kazi ili jina lako lisiharibike" anaweza kudhani anaokoa heshima yake. Kisheria anajitwisha mzigo, kwani kuacha kazi huchukuliwa kuwa ni hiari mpaka mwenyewe athibitishe kwamba alishurutishwa. Ni bora barua hiyo isitiwe saini siku ile ile.

Kwa nini niogope kupeleka shauri mseto Federal Circuit? Si ni mahkama kubwa zaidi?

Ukubwa hausaidii pale ambapo mamlaka hayapo. Federal Circuit hupokea rufaa za Bodi zisizo na ubaguzi ndani yake, katika muda wa siku 60. Haiamui ubaguzi. Anayefungua rufaa ya Bodi katika mahkama hiyo hutakiwa kujaza tamko kuhusu ubaguzi, ambamo hueleza kama aliwahi kutoa dai hilo na kama ameliacha. Karatasi hiyo inaonekana kama fomu nyengine yoyote, ina nafasi za kutia alama na sehemu ya saini chini, na mtu asiye na wakili anaweza kuijaza kwa dakika chache. Lakini anayetia alama kwamba ameliacha dai la ubaguzi ametoa kwa mkono wake kile kilichomtoa nyumbani kwenda kulalamika.

Tofauti ya mahkama hizi mbili si ya jina. Federal Circuit hupitia kumbukumbu zilizokwishaandikwa mbele ya Bodi na haipokei shahidi mpya. Katika Mahkama ya Wilaya dai la ubaguzi husikilizwa upya tangu mwanzo, na chini ya Sura ya Saba mtumishi anaweza kuomba jopo la raia liamue, ingawa dai la umri dhidi ya Serikali ya Shirikisho halina jopo hilo. Ikiwa mtu amekosea na kupeleka shauri mseto Federal Circuit bila ya kuliacha dai la ubaguzi, mahkama ina uwezo wa kulihamishia panapostahiki, ila si jambo la kulitegemea.

Muda wa kwenda Mahkama ya Wilaya ni siku ngapi?

Kwa shauri mseto lililotoka kwa Bodi ni siku 30. Kwa dai la ubaguzi lisilo mseto, lililopitia taasisi au EEOC, ni siku 90. Ndugu wawili wanaofanya kazi jengo moja wanaweza kuwa na muda tofauti, kwa hiyo asimuige mmoja mwenziwe. Mwenye shauri mseto anayetaka EEOC ipitie uamuzi wa Bodi kabla ya kwenda mahkamani ana siku 30 pia.

Uamuzi wa Bodi una sehemu ya mwisho inayoeleza haki za kukata rufaa, na huendelea kwa kurasa kadhaa za maandishi ya kubana. Watu husoma ukurasa wa kwanza, wakaona wameshindwa, wakaikunja barua. Anayesaidia kutoka Zanzibar aombe apigiwe picha ya kurasa hizo za mwisho kabla ya kitu chengine chochote.

Kuchelewa na kukosa mamlaka ni jambo moja?

Kwa muda mrefu yalichanganywa, na Mahkama ya Juu imekuwa ikiyatenganisha. Mwaka 2019, katika shauri la Fort Bend County na Davis, ilisema kwamba sharti la kupeleka lalamiko EEOC kabla ya mahkamani ni la lazima, lakini halihusu mamlaka. Mwajiri asiyelitaja mapema anaweza kulipoteza pingamizi lake. Mwaka 2024 ikalisikiliza shauri la Stuart Harrow, mtumishi wa Wizara ya Ulinzi aliyepumzishwa kwa lazima siku sita mwaka 2013. Rufaa yake ilikwama kwa Bodi kwa sababu Bodi ilikosa akidi tangu Januari 2017 hadi Machi 2022. Uamuzi ulipotoka, ulipelekwa kwenye anuani ya barua pepe ya zamani, naye akazikosa siku 60 za kwenda Federal Circuit. Majaji wote walikubaliana kwamba siku hizo 60 si za mamlaka.

Maana yake kwa mtumishi ni kwamba panapokosekana mamlaka hakuna udhuru unaosikilizwa, lakini palipopitwa na muda tu kunaweza kuwa na nafasi ya kujieleza. Ni nafasi, si ahadi. Kubadilisha anuani bila ya kuitaarifu Bodi ni kosa linaloepukika kwa ujumbe mmoja.

Mwanangu yuko Shirika la Posta. Anaweza kwenda kwa Bodi?

Mara nyingi hapana. Watumishi wa Posta wenye haki hiyo ni wale waliopewa upendeleo kwa kuwa waliwahi kutumikia jeshi, pamoja na mameneja, wasimamizi na wachache wenye kazi za siri za kiutumishi. Wengine hawana Bodi hata wakifukuzwa, lakini njia ya mshauri wa fursa sawa wanayo kamili. Aliyelazimika kuacha kazi kwa mateso ya ubaguzi ashike hukumu ya mwaka 2016 katika shauri la Green, naye alikuwa mtu wa Posta: siku 45 huhesabiwa tangu siku aliyotoa taarifa ya kuacha, si tangu siku ya mwisho ya kazi.

Na aliye katika muda wa majaribio?

Haki zake mbele ya Bodi ni finyu sana. Haki yake ya kulalamikia ubaguzi ni sawa na ya mtumishi wa miaka 20.

Nimefukuzwa kwa kunyang'anywa kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za Serikali. Naamini sababu ni dini yangu.

Hili ni miongoni mwa mipaka migumu zaidi, na linawaumiza Waislamu wengi wenye jamaa nje ya Marekani. Tangu hukumu ya mwaka 1988 katika shauri la Wizara ya Majeshi ya Maji na Egan, Bodi haina uwezo wa kupima kama kibali kilistahiki kuondolewa. Inaweza kuangalia iwapo nafasi ilihitaji kibali, iwapo kibali kimeondolewa kweli, na iwapo taratibu zimefuatwa. Kinachoweza kufanyiwa kazi ni hatua nyengine za ubaguzi zisizotegemea uamuzi wa kibali, nazo zitajwe moja moja kwa tarehe zake badala ya kuunganishwa na kibali katika sentensi moja.

Mzanzibari aliyeajiriwa na Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam anaingia humu?

Kama si raia wa Marekani, kwa kawaida hapana. Kanuni za malalamiko ya fursa sawa zinawatoa nje wasio raia walioajiriwa, au wanaoomba kazi, katika nafasi zilizopo nje ya mipaka ya Marekani. Mzanzibari mwenye uraia wa Marekani anayefanya kazi katika ubalozi huo huo anaingia. Asiyeingia atafute wakili wa hapa nchini anayejua sheria za kazi pamoja na kinga za kibalozi, kwani masuali hayo mawili yatakuja pamoja.

Je, haya yanamsaidia mtumishi wa SMZ?

Hayamsaidii kama sheria. Kinga yake dhidi ya ubaguzi iko katika Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar, na utumishi wake unaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Nambari 2 ya 2011. Aliyepangiwa kituo Unguja au Pemba na taasisi ya Muungano ajue kwamba utumishi katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano ni jambo la Muungano, na kwa hiyo ofisi yake kuwa Zanzibar hakumfanyi kuwa mtumishi wa SMZ. Aanze kwa kuangalia barua yake ya ajira imetiwa saini na nani.

Ndugu yangu alikuja Pemba kwa msiba, akakaa, na siku 45 zimepita. Afanye nini?

Awasiliane na mshauri leo, kwa simu na kwa barua pepe, bila ya kusubiri kurudi. Kanuni zinaamrisha muda urefushwe kwa mtu anayeonesha kwamba hakuarifiwa wala hakujua kuhusu siku hizo, kwamba hakujua na hakutarajiwa kujua kuwa kitendo kimetokea, au kwamba alizuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake licha ya kufanya juhudi. Msiba peke yake hautoshi kama alikuwa na simu na mtandao kwa wiki zote hizo, kwa hiyo aeleze hasa nini kilimzuia na kwa siku zipi. Aambatanishe cheti cha kifo, tiketi za ndege na za boti, na ujumbe wowote aliomwandikia msimamizi wake. Ikiwa tangazo la fursa sawa halikuwapo kituoni kwake, alitaje hilo katika aya ya kwanza, na kama kuna mfanyakazi mwenziwe anayeweza kulithibitisha, amwombe aliandike na kulitia tarehe.